Kifuniko cha pikapu kifuate mzigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wenye pikapu wanaotafuta kifuniko cha bodi ya nyuma. Wengi huchagua kwa sura, ilhali mzigo ndio unaopaswa kuamua.

Anayebeba magunia ya viazi kutoka Njombe, yaliyopangwa kupita kimo cha bodi, kifuniko bapa hakimfai. Anahitaji turubai zito na kamba imara. Fundi anayelaza zana garini achague kifuniko kigumu cha alumini chenye kufuli, kwa kuwa turubai hupasuliwa kwa kisu mara moja. Ahakikishe pia mlango wa nyuma unafungwa kwa ufunguo. Kenopi ya faibaglasi hulinda hata mizigo mirefu, lakini uzito wake hupunguza kiasi unachoruhusiwa kupakia.

Kabla ya kulipa, pima bodi yako: ya Hilux ya milango minne ni fupi kuliko ya milango miwili. Kagua mpira wa kingoni, kisha mwagia maji uone kama yanapenya.

Zaidi ya yote, tusipakie watu chini ya vifuniko hivi. Moshi wa ekzosi unaweza kujaa humo na kuua.

Msomaji wako,
Makambako