Kuufua Udongo wa Owino Uhuru

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru udongo wa mtaa wa Owino Uhuru usafishwe ndani ya miezi 4. Rahisi kuandika! Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza hapo 2007 kilikuwa kimefungwa tangu 2014, lakini risasi, metali yenye sumu kilichoiacha udongoni, haiozi. Hung'ang'ania chembe za udongo miaka nenda miaka rudi.

Kuuzoa udongo na kuumwaga kwingine ni kuihamisha sumu tu. Njia ya kuufua ipo. Udongo huchimbwa, huchekechwa kuondoa mawe, kisha hukorogwa ndani ya pipa kubwa lenye maji na EDTA, kemikali inayoibana risasi kama kaa kwa magando yake. Ajabu ni kwamba jamii ya kemikali hiyohiyo hudungwa hospitalini kuitoa risasi katika damu ya watoto.

Kasoro ya njia hii ni kuwa EDTA haiozi upesi. Ikisalia ardhini huikokota risasi hadi kwenye maji ya visima. Watafiti wa Ljubljana, Slovenia, walioufanyia kazi udongo wa bonde la Meža lenye migodi ya risasi ya karne kadhaa, walipata dawa: maji machafu hutiwa chokaa, risasi hutengwa, kisha asidi huirudisha EDTA itumike tena.

Udongo wa mfinyanzi husumbua kufuliwa zaidi kuliko wa kichanga. Na EDTA haichagui: huondoka na chuma na manganizi pia, ambavyo mimea huvihitaji, hivyo udongo uliofuliwa huhitaji samadi kabla ya kupandwa mchicha.