Afya ya Nyumba: Mizigo ya Kivukoni na Kazi ya Figo



Akaaye Kindu ajua desturi za kivuko. Asubuhi na mapema watu wa Alunguli hushuka mtoni na magunia yao ya mpunga, mikungu ya ndizi na vikapu vya sombe, wakangojea mitumbwi ya kuwavusha Lualaba mpaka ng'ambo ya Kasuku. Sasa niwaulize swali. Mtu asiyeweza kuiona mitumbwi yenyewe, ila aona tu magunia yaliyolala ukingoni, je, aweza kujua mitumbwi mingapi yafanya kazi? Aweza kukisia. Magunia yakirundikana, atasema: «Mitumbwi imepungua.» Ukingo ukiwa mtupu, atasema: «Mitumbwi yote ni mizima.» Lakini neno hili la pili laweza kuwa si kweli. Labda nusu ya mitumbwi imevunjika, na ukingo ni mtupu kwa sababu wakulima walioshuka siku hiyo ni wachache.

Habari ya figo zetu ni kama hiyo.

Kila mtu ana figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi yake, nazo zakaa nyuma, chini ya mbavu. Kazi yao kubwa ni kuchuja damu. Kwa mtu mzima mwenye afya zachuja yapata lita 180 kila siku. Karibu maji yote hayo hurudi mwilini. Lita 1 au 2 tu hutoka kuwa mkojo, zikichukua taka pamoja nazo. Mganga hawezi kuitazama kazi hiyo kwa macho. Basi hutazama mzigo ungojao katika damu. Mzigo huo huitwa kreatinini: ni taka itokayo katika misuli, na figo ndizo ziitoazo.

Hapo wengi hukosea. Hupokea karatasi ya maabara, huisoma namba ya kreatinini, huilinganisha na mpaka ulioandikwa kando yake. Na ikiwa haikuuvuka, hurudi nyumbani kwa furaha. Wamesahau kuuliza wakulima walikuwa wangapi. Mtu mwenye misuli minene hushusha magunia mengi kila siku; mzee aliyekonda hushusha machache.

Tutoe mfano. Tuseme kijana wa miaka 25, mpakiaji wa mizigo bandarini, na nyanya yake wa miaka 70, wamepimwa siku moja, na wote wawili wamepata kreatinini miligramu 1.2 kwa desilita. Namba ni moja. Lakini tufuate kanuni ya hesabu iliyotolewa mwaka 2021, ambayo hutia pamoja kreatinini, umri, na kwamba mtu ni mume au mke. Tutaona ya kuwa figo za kijana zachuja yapata mililita 86 kwa dakika, na za nyanya yapata 49 tu. Kijana, kwa hesabu hii, hana sababu ya kuogopa. Nyanya, naye, yuko chini ya 60. Na mtu akikaa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, waganga humhesabu kuwa ana ugonjwa wa figo wa kudumu. Naye labda hasikii maumivu yo yote. Figo hazina desturi ya kulia mapema.

Kuna na jambo jingine, nalo latuhusu sisi Waafrika. Kanuni mbili zilizoenea zaidi zilitungwa Marekani, ya kwanza mwaka 1999 na ya pili mwaka 2009. Watungaji waliona katika vipimo vyao ya kuwa Wamarekani weusi walikuwa na kreatinini nyingi zaidi kwa kazi ile ile ya figo. Basi wakaagiza hesabu ya kila mtu mweusi iongezwe: katika kanuni ya kwanza karibu sehemu 21 kwa mia, katika ya pili karibu 16. Desturi hiyo ikasafiri mpaka Afrika. Tazameni matokeo yake. Mama ambaye hesabu yake ni 52, akiongezewa sehemu 16 kwa mia, afika 60. Avuka mpaka, na kuandikwa mzima. Mitumbwi haikuongezeka hata mmoja. Kalamu tu ndiyo iliyoiongeza.

Waganga wa Kinshasa, pamoja na wenzao wa Abidjan na wa Ubelgiji, hawakuridhika. Walichukua watu wa miji hiyo miwili ya Afrika, wakawapima kwa njia ya hakika: hutia mshipani dawa iitwayo ioheksoli, kisha huangalia saa baada ya saa jinsi inavyotoweka katika damu. Hii ndiyo kuihesabu mitumbwi yenyewe. Mwaka 2019 walitangaza ya kuwa hesabu isiyo na nyongeza ya rangi ilikuwa karibu zaidi na kweli. Mwaka 2021 Wamarekani nao waliiondoa katika kanuni yao mpya.

Hata hivyo kazi haijaisha. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 2,000 wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini. Nao ulionyesha ya kuwa hesabu za kreatinini zilizisifu figo kuliko zilivyo. Kitu kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei sana unene wa misuli, kilikaribia kweli zaidi. Lakini kukipima ni ghali. Wala tusidhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa watu wachache. Katika uchunguzi wa Kinshasa uliotangazwa mwaka 2009, miongoni mwa watu wazima 503, sehemu 12.4 kwa mia walikuwa nao, yaani karibu mtu 1 katika 8. Wengi wao hawakuwa na habari.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, mwenye shindikizo la damu au kisukari, na mzee wa nyumba, wapimwe. Pili, msitosheke na namba ya kreatinini, mwulizeni mganga kwa adabu: «Je, kwa umri wangu na mwili wangu, figo zachuja kiasi gani?» Mwambieni pia kama mgonjwa amekonda sana, maana kanuni haiuoni mwili wake. Tatu, mkojo upimwe vilevile. Protini ikionekana humo mara kwa mara, figo zaweza kuwa zimeumia hata kama hesabu ya damu ni njema. Nne, kipimo kimoja si hukumu. Homa kali, kuhara, au nyama nyingi iliyoliwa kabla ya kupimwa huweza kuigeuza namba. Kwa hiyo kipimo kirudiwe. Tena kanuni hizi za watu wazima hazifai kwa watoto wala kwa mama mjamzito.

Na mwenye figo dhaifu asimeze ovyo dawa za maumivu zinunuliwazo sokoni, kama diklofenaki na ibuprofeni, wala mizizi asiyoijua. Hizo huweza kuivunja mitumbwi iliyosalia.

Mara nyingi twamwona nyanya amekonda, twasema: «Ni uzee tu.» Karatasi nayo yasema: «Damu ni njema.» Huyo ndiye wa kumrudisha kwa mganga juma hili, tukaombe ile hesabu ya pili. Akijulikana mapema, shindikizo lake litatunzwa, dawa zake zitachaguliwa vema, na huenda figo zilizobaki zikamtosha miaka mingi.