MPIGA BESI ANA VYOMBO VIWILI, MBONA MALIPO NI MAMOJA?

Ndugu Wanachama,

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mpiga besi wa siku hizi ashika mawili usiku kucha, na hakuna kinachomponyoka ila haki yake. Aanza na obokano, aiweka chini, achukua gitaa la besi la stimu, kisha arudia obokano. Asubuhi apewa malipo ya mtu aliyepiga chombo kimoja. Jambo hili halifai, na wakati umefika tuliseme wazi.

Ndugu zetu wa majani chai na wa matatu huenda wakauliza: vyombo hivi viwili si vyote ni besi? Basi yafaa niwaeleze kazi yenyewe.

Obokano yetu ina nyuzi nane na bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Sauti yake hunguruma kutoka chini kabisa, hata wataalamu wa muziki wameifananisha na ile besi kubwa ya Wazungu inayopigwa kwa kusimama. Mpigaji wa obokano hukaa juu ya kigoda. Kila uzi una sauti yake, na mikono yote miwili hudonoa. Ngozi ikipata unyevu wa huku kwetu milimani hulegea, ikikaribia moto hukaza, na nyuzi hazina budi kurekebishwa tena mpaka zikubaliane na sauti ya mwimbaji.

Gitaa la besi ni kazi nyingine. Lina nyuzi nne, nalo hupigwa mtu amesimama. Mkono wa kushoto hubana shingoni, wa kulia hudonoa. Kuna waya, kuna amplifaya, kuna kinanda ambacho sauti yake haimngojei mtu. Mpiga obokano akitaka kuingia pamoja na kinanda, ni yeye atakayekifuata. Na hayo yote ayafanye katika muda ambao mshereheshaji anataja majina ya wageni watatu!

Shida hii haikuanzia Keroka. Katika majumba makubwa ya michezo ya ng'ambo, wapiga muziki hukaa shimoni mbele ya jukwaa, na watazamaji hawawaoni. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa lake la besi, na baadaye michezo mingi ikataka sauti zote mbili, ya besi ya kusimama na ya gitaa. Mpiga besi akawekewa vyombo viwili katika nafasi ndogo, avibadilishe gizani kati ya wimbo na wimbo.

Sasa tusikilize maneno ya matajiri, maana yanafanana kila mahali.

Neno la kwanza husema: "Besi ni besi. Nyuzi ni nne na majina yake ni yale yale." Ni kweli majina ya nyuzi ni yale yale. Lakini uzi wa besi ya kusimama una urefu wa kama sentimita 105, na wa gitaa kama sentimita 86. Gitaa lina vyuma vilivyokata shingo ili kumwonyesha mtu pa kubana. Besi ya kusimama kwa kawaida haina, na kidole kikikosea kidogo tu jumba zima lasikia. Ikiwa vyombo hivyo viwili vyenye nyuzi za majina yale yale vyahitaji mazoezi mbalimbali, itakuwaje obokano yenye nyuzi nane na gitaa lenye nne?

Neno la pili husema: "Nilimwandika mtu mmoja, nitamlipa mtu mmoja." Ukimwandika dereva, kisha gari likaharibika ukamtaka alitengeneze kwa mshahara ule ule, umejipatia makanika wa bure. Nasi watu wa Keroka twafahamu hesabu hii. Mji wetu umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kaunti mbili zimegombania ushuru wa soko hili moja. Wakati wa kutoza, pande mbili huhesabiwa mbili. Kwa nini wakati wa kumlipa mfanyakazi viwili vihesabiwe kimoja?

Neno la tatu ndilo la vitisho: "Usipotaka, nitamleta kijana mwenye kinanda. Kina besi ndani, kina ngoma ndani, nacho hakili chakula." Ndugu, neno hili waliambiwa pia wapiga muziki wa Broadway, kule New York. Mwaka 2003 matajiri wa majumba ya michezo walitaka kupunguza idadi ya wapiga muziki, nao walijitayarisha kutumia mashine badala ya watu. Tarehe 7 Machi wapiga muziki wakagoma. Waigizaji na mafundi wa jukwaa, ambao mgogoro haukuwa wao, walikataa kuwapita wenzao mlangoni. Michezo 18 ya muziki ikafungwa. Kwa siku nne majumba yakawa kimya, kisha mapatano yakapatikana. Hawakupata yote: katika majumba makubwa idadi ilishushwa hadi watu 18 au 19. Lakini mashine haikuketi shimoni mahali pao. Na katika mapatano ya chama chao, anayepiga chombo cha pili huongezewa malipo.

Hawakupewa nyongeza hiyo kwa sababu Marekani kuna fedha nyingi. Waliipata kwa sababu mpiga besi hakwenda kwa tajiri peke yake. Walikwenda wote, na siku ya taabu mwigizaji na fundi walisimama nao.

Hapa kwetu hatukosi sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na yampa kila mfanyakazi haki ya kulipwa vizuri, kuingia chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 8, yahusu mapatano ya mdomo na ya maandishi pia. Lakini kifungu cha 9 chadai mkataba wa maandishi pale kazi inapofika miezi mitatu, nasi twaandikwa usiku mmoja mmoja. Tajiri aujua sana mlango huo. Tena ukimdai akuambia: "Wewe si mfanyakazi, wewe ni msanii." Usanii haulipi nauli! Obokano yalipiwa mzigo katika matatu, na utingo haulizi kama mwenyewe ni msanii.

Sasa neno chungu, nalo ni letu wenyewe. Tajiri hapati nguvu kwa ujanja wake tu. Apata nguvu kwa mwenzetu anayenong'ona, "Mimi nitapiga vyote viwili kwa bei ya kimoja, nipe mimi." Huyo adhani amepata kazi. Amepata usiku mmoja, na ameishusha bei ya kila usiku utakaofuata, pamoja na wake mwenyewe. Kesho atatokea mwingine wa kupiga vitatu. Kijana wa kinanda naye si adui yetu. Tumwingize chamani, maana kesho ataambiwa apige, aimbe, na abebe spika.

Kwa hiyo twapendekeza wanachama wote wapiga muziki washike mambo haya manne:

1. Kabla ya kupiga, vyombo vitajwe kwa majina na bei iandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, na pande zote mbili zitie sahihi.

2. Chombo cha pili kiongezewe robo ya malipo ya usiku. Kama malipo ni shilingi 2,000, nyongeza ni 500.

3. Nauli ya mzigo ilipwe na aliyeita vyombo, si aliyevibeba.

4. Mwanachama asikubali kazi ambayo mwenzake ameikataa kwa ajili ya mambo haya, mpaka chama kimezungumza na tajiri.

Robo si utajiri. Ni kukiri tu kwamba chombo cha pili kilipigwa, na kwamba kuna mtu aliyejifunza miaka mingi ili akipige.

Asiye mwanamuziki naye asiseme hayamhusu. Mchuma chai aliyeambiwa afagie kiwanda, karani aliyeambiwa alinde mlango, wote wameshikishwa besi mbili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njoni tuzungumze jambo hili katika mkutano.

Umoja ni Nguvu.

Mwanachama wenu, Keroka