Nyumba za fundi ndizo karatasi zake: waliohama wasaidiwe kuuliza mbele ya kutoa avansi

KASONGO – Kiangazi kikianza, kazi ya kujenga inaanza pia katika teritwari za Kasongo na Kabambare. Watu wanafyatua matofali na kuyachoma, wanatafuta miti na manjanja, ili paa ifungwe kabla mvua haijarudi mwezi wa tisa au wa kumi. Na kila mwaka mashauri ya ujenzi yanafika kwa mashefu wa mitaa: fundi amekula avansi na harudi, ukuta umepinda, manjanja yaliyopigwa ni mepesi kuliko yale yaliyolipwa.

Shauri kama hilo linaweza kumpata kila mtu, lakini linamuumiza zaidi aliyehama. Vita na vikundi vya silaha, hasa upande wa Salamabila katika Kabambare, vimezungusha familia nyingi kwa miaka mingi. Wengine wamerudi na kukuta nyumba imechomwa au imeanguka. Wengine wamebaki ugenini na wanataka kuacha kukaa kwa jamaa. Pesa wanayoshika mkononi ni mavuno ya msimu mmoja, au msaada ambao hautatolewa mara ya pili. Ikipotea, mvua inawakuta nje na watoto.

Mwenyeji akitaka kujenga, habari anayo tayari. Anajua fundi huyu ni mtoto wa nani, alijenga kwa nani, na nani alimpeleka kwa shefu. Aliyefika juzi hajui lolote kati ya hayo. Anamwona mtu mwenye mwiko, kamba na maneno mazuri, basi. Kinachomkosesha si akili, ni kumbukumbu ya mtaa. Ndiyo maana kumsaidia kuuliza ni kazi ya wenyeji, isiwe mzigo wake peke yake.

Kuna wanaosema kwamba kumwomba fundi karatasi ni kumtukana, na kwamba hata karatasi zinaweza kununuliwa. Wana haki nusu. Karatasi zinahusu kampuni. Yeyote anayejiita kampuni ya ujenzi anapaswa kuonyesha namba ya RCCM, yaani daftari la biashara linalofuata sheria za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, pamoja na namba yake ya kodi. Aulizwe pia asiransi. Tangu sheria ya tarehe 17/03/2015, SONAS si peke yake tena sokoni, kwa hiyo kampuni kubwa haina sababu ya kusema asiransi haipatikani. Shirika, shule au kanisa linalojenga kwa pesa nyingi lisikubali kazi bila karatasi hizo.

Lakini fundi wa mtaani, anayejenga nyumba ya vyumba viwili, mara nyingi hana hata moja kati ya hizo, na anaweza kuwa fundi mzuri sana. Kwake yeye, karatasi ni nyumba alizojenga. Aambiwe kwa heshima: « Baba fundi, tunaomba utuonyeshe nyumba mbili au tatu ulizojenga, zilizopita mvua ya miaka miwili. » Fundi anayejivunia kazi yake atatangulia njia. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Ukifika kwa nyumba hizo, ukuta unasema wenyewe. Chini umeliwa na maji? Kuna ufa kwenye pembe za madirisha? Paa inavuja kwenye misumari? Halafu mwenye nyumba aulizwe, fundi akiwa mbali: Alimaliza siku aliyosema? Aliongeza bei katikati ya kazi? Vifaa vilivyobaki vilirudi? Ungemwita tena? Swali hilo la mwisho linatosha mara nyingi.

Kuna pia makundi ya WhatsApp, ambamo watu wanasifu mafundi na kutukana wengine. Yanasaidia kupata jina, hayatoshi kutoa pesa. Picha ya nyumba nzuri inaweza kuwa ya nyumba ya mtu mwingine, na sifa inaweza kuandikwa na shemeji. Kumwita mtu mwizi mbele ya watu mia bila ushahidi nako kunaweza kuleta shauri lingine.

Mahali pa asiransi, fundi alete mdhamini: mtu mwenye makao ya kujulikana, ambaye atajibu fundi akitoweka. Na jambo moja linalosahauliwa lisemwe mapema: kijana akianguka kutoka kwenye paa, nani atalipa hospitali? Kulizungumza mbele ya kazi ni rahisi kuliko kugombana mbele ya mgonjwa.

Upande wa vifaa, anayejenga anunue mwenyewe akiweza, akifuatana na mtu anayejua. Manjanja yana namba: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28, ingawa kwa macho zinafanana. Tofali lililoiva likigongwa na lingine linalia, na likilala ndani ya maji usiku mzima halivunjiki. Mifuko ya simenti ihesabiwe asubuhi na jioni.

Kisha mapatano yaandikwe kwenye karatasi mbili: kazi gani, bei gani, siku gani, nani analeta nini, na sahihi za mashahidi wawili. Asiyejua kusoma asomewe na mtu wake mwenyewe, asisomewe na fundi. Sheria ya mikataba ya tarehe 30/07/1888, ambayo ingali inatumika, inasema kwamba mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa waliopatana. Inamwachia pia mkandarasi jukumu nyumba ikianguka kwa ubovu wa ujenzi. Lakini bila karatasi, mtu ataonyesha nini mbele ya tribinali ya amani? Malipo yagawanywe: msingi, kuta, paa, na sehemu moja ibaki mpaka mvua ya kwanza ipite.

Mafundi nao wana malalamiko yao, na ni ya haki. Kuna wanaomaliza kazi na kuzungushwa miezi. Kuna wanaohitaji avansi ili familia ile wakati wa kazi. Karatasi ile ile inawalinda: inaonyesha walichofanya na wanachodai.

Linalobaki liko mikononi mwa mashefu wa mitaa na vijiji. Kila mmoja anaweza kushika daftari la mafundi wa kwake: jina, makao, nyumba walizojenga, mashauri yaliyoamuliwa. Yasiandikwe masengenyo, yaandikwe tu yale yaliyosikilizwa pande zote mbili. Mama aliyefika jana kutoka Salamabila akienda kuuliza, afunguliwe daftari hilo bure. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa daftari hili hakuna haja ya kungojea mradi wala mfadhili. Kalamu inatosha, na lianze kiangazi hiki, mbele avansi hazijatoka.