Kifo 'cha kawaida' kiulizwe

Mlemavu akifia katika makao anakotunzwa, karatasi huandikwa upesi: amekufa kifo cha kawaida. Majirani nao husema heri amepumzika. Amepumzishwa na nini?

Julai 2013, huko Oxford, Uingereza, kijana wa miaka 18 mwenye ulemavu wa akili na kifafa alizama katika hodhi akioga peke yake katika kituo cha Slade House. Wasimamizi wakasema ni kifo cha kawaida. Kifo gani hicho cha kawaida, na mamake alikuwa amewaonya kuhusu kifafa? Mama huyo hakunyamaza. Oktoba 2015 jopo la uchunguzi mahakamani likaamua kwamba uzembe ulichangia, na mwaka wa 2018 shirika lililosimamia kituo likatozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo hicho na cha mgonjwa mwingine.

Basi ukiletewa habari kama hiyo, usikimbilie mazishi. Uliza nani alikuwa zamu, nani alimwona mwisho akiwa hai, na ugonjwa wake uliandikwa wapi. Dai maiti ipasuliwe na daktari. Ukishazika, kufukua kaburi kwahitaji amri ya mahakama.