Bastola za Vita Kuu: alama ya mpakani yateremsha bei

Bei ya bastola za kijeshi za Kijerumani za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hasa Luger P08 na Walther P38, huamuliwa na mambo mawili: hali ya chuma chenyewe na njia iliyopitia silaha hiyo hadi kumfikia muuzaji. Wanunuzi wageni huchunguza la kwanza na kusahau la pili, na huko ndiko fedha nyingi hupotea.

Kwenye chuma, namba ndizo hutazamwa mwanzo. Luger imegongwa tarakimu mbili za mwisho za namba yake kwenye vipande vidogo vingi, hivyo kipande chenye namba tofauti kimetoka kwenye bastola nyingine. Kwa P38 hulinganishwa namba za fremu, mtutu na sehemu ya juu inayoteleza. Herufi za siri humtaja mtengenezaji: ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk.

Rangi ndiyo uwanja wa walaghai. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa, ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, na bastola iliyopakwa upya mara nyingi hupoteza karibu nusu ya bei. Dalili zake ni kingo zilizopoteza ukali na maandishi yaliyofifia kwa kuliwa na msasa. Mnamo 1937 Mauser iliacha kuvipa vipande vidogo vya Luger rangi ya manjano, kwa hiyo Luger ya mwaka 1941 yenye vipande hivyo imeshaguswa na fundi. P38 za Spreewerk za mwaka 1944 nazo zilitoka kiwandani na mikwaruzo ya mashine, kwani vita vilikuwa vimebana. Ikiwa laini kama kioo, mnunuzi ajiulize ni nani aliyeilainisha.

Majina ya kibiashara nayo yasimtishe mtu. "Black Widow", jina la Luger za Mauser zenye vibao vyeusi vya plastiki kwenye mpini, lilibuniwa na wauzaji wa Marekani baada ya vita. Halikutoka kiwandani.

Kuhusu njia, sheria ya Marekani ya mwaka 1968 humtaka mwagizaji kugonga jina na mji wake kwenye silaha anayoiingiza. Bastola zilizobebwa na askari waliorejea nyumbani mwaka 1945 hazina alama hiyo, na wakusanyaji hulipa zaidi kuzipata. Zilizotekwa na jeshi la Kisovieti zilikarabatiwa kwa wingi, vipande vikachanganywa na namba kugongwa upya. Baada ya dola hiyo kusambaratika mwaka 1991, nyingi ziliuzwa Marekani zikiwa na alama ya mwagizaji. Ni silaha halisi za vita, lakini bei yake ni ya chini.

Serikali haziangalii ladha ya mkusanyaji. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001, na ile ya Nairobi ya mwaka 2004 kwa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zote zinataka silaha ipigwe alama inapoingizwa nchini ili iweze kufuatiliwa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2016, bastola iliyozimwa isiweze kufyatua haiwezi kuuzwa wala kuvushwa hadi nchi nyingine mwanachama bila kutimiza kiwango kimoja cha pamoja. Mwenye bastola iliyozimwa zamani, ambayo vipande vyake bado vinacheza, analazimika kuirudisha kwa fundi kabla ya kuiuza, na ikitoka huko imechomelewa kiasi cha kutofunguka tena.

Ndiyo maana karatasi ya zamani huweza kuongeza bei kuliko rangi nzuri. Askari wa Marekani walipewa hati, iliyosainiwa na ofisa wao, ya kuruhusiwa kubeba nyara. Hati yenye namba ya bastola hiyo hiyo ndiyo inayotafutwa. Isiyo na namba huweza kuambatanishwa na bastola yoyote, na madalali wanalijua hilo.