Mtandao: Neno Linalowaficha Wenye Makosa

Aghalabu simu ya mkazi wa Kayole au Dandora inapogoma, husemwa kwamba mtandao unasumbua. Kauli hiyo imewafaa wauzaji kuliko wanunuzi. Neno mtandao limebebeshwa mnara, kampuni, intaneti na hata kasoro ya chombo chenyewe, hivyo wa kulaumiwa hajulikani.

Mwaka 2011 Safaricom iliuza Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000, na simu janja ikaanza kuufikia mfuko wa mtu wa Eastlands. Sokoni humo humo zilijaa simu bandia, sura nzuri, antena hafifu. Simu ya aina hiyo hupoteza mawimbi hata karibu na mnara. Mnunuzi akirejea dukani, huambiwa ni mtandao! Tume ya Mawasiliano ilipoamuru zizimwe tarehe 30 Septemba 2012, takriban milioni 1.9 zilinyamaza. Hasara ikamwangukia aliyenunua kwa nia njema.

Yamkini mtu atasema mtandao nao hukosea. Naam. Tarehe 24 Aprili 2017 huduma za Safaricom zilikatika kwa saa kadhaa, M-Pesa ikiwemo, na mwenye kibanda aliyeweka mtaji wake simuni hakuwa na la kulipia bidhaa. Siku hiyo neno lilitumika ipasavyo.

Watunzi wa istilahi wangeanzia hapa: mawimbi yaitwe mawimbi, intaneti iitwe intaneti, nayo kadi ya dhamana iandikwe kwa Kiswahili ambacho mnunuzi wa Umoja ataweza kumbania muuzaji.